Shangazi, namba ya damu imepanda: tumsimamishie mama dripu?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, mama amelala chumba cha pili. Tunakaa Tabata Kimanga. Mama ana miaka 54 na mwaka huu amekutwa na saratani ya titi la kushoto. Walimkata kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima, majibu yakachukua muda, kisha daktari akasema ataanza na dripu za kemo ili uvimbe upungue, operesheni itafuata. Mpaka sasa amepata dripu tatu za ile dawa nyekundu, kila baada ya siku 21.

Vurugu imeanzia kwenye damu. Jirani ambaye dada yake aliwahi kuugua alituambia kuna kipimo kinaitwa CA 15-3, eti ndicho kinachoonyesha kama dawa inaiua saratani au inapita tu. Daktari hakutuandikia. Mimi na kaka tukajichanga, tukampeleka mama maabara moja ya Kariakoo kabla ya dripu ya kwanza, ikatoka 24. Siku ya tisa baada ya dripu ya pili tukampeleka tena, safari hii maabara nyingine, ya Sinza, kwa kuwa ilikuwa karibu na kwa kaka. Ikatoka 41, na pembeni wameweka herufi H, yaani iko juu, na nyota. Nikapiga picha ile karatasi nikaitupia kwenye grupu la familia. Najuta mpaka leo.

Mjomba, kaka yake mkubwa mama, aliandika: "Damu haidanganyi. Hizo dripu zinammaliza dada yangu bure." Kesho kutwa yake akaja na chupa mbili za miti shamba alizopata kwa mtu wa Mkuranga. Mama anakunywa asubuhi na jioni, hii ni wiki ya tatu. Binamu yangu anayesoma mwaka wa pili wa udaktari naye akaomba FBP ya mama, kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu. Nikamtumia ile ya siku iliyofuata dripu ya tatu, alipotapika sana tukamkimbiza zahanati. Akagawa neutrofili kwa limfosaiti, ambazo ni aina mbili za chembe nyeupe za damu, akapata 4, akasema amesoma kwamba wenye uwiano mkubwa kemo haiwashiki vizuri. Halafu jana, Alhamisi, tumekwenda kwa dripu ya nne, wakapima damu wakasema chembe nyeupe zimeshuka, arudi Alhamisi ijayo. Mjomba amesema hata hospitali wenyewe wameshakata tamaa, wanatafuta namna ya kutuambia.

Nikimuuliza mama ananijibu, "Mtakavyoamua, wanangu." Nywele zimeisha, mdomo una vidonda, chakula hakishuki. Juzi alisema tu kwamba sidiria upande ule haimbani kama zamani, nadhani ni kwa kukonda.

Jumapili kuna kikao. Mjomba anataka dripu zisimame. Kaka anataka tuchangishane damu ipelekwe India ikapimwe kwa vipimo vya kisasa. Mimi sijui nisimame wapi.

Mtoto wa Mama, Tabata

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeitoa chini ya foleni nikaiweka juu kwa sababu ya hiyo Alhamisi. Kwa hiyo nianze na jibu, maelezo yafuate: Alhamisi mpeleke mama hospitali. Hiyo 41 pekee haitoshi kumsimamishia mtu kemo, na hakuna daktari wa saratani ninayemjua angefanya hivyo kwa karatasi uliyonieleza.

Nimeuguza wagonjwa wa saratani miaka mingi kabla ya kustaafu, na karatasi kama hiyo nimeiona mikononi mwa watu wengi. Imekunjwa mara nne, imelainika kwa jasho, na herufi H imezungushiwa duara la peni. Anayeishika haoni kitu kingine tena.

CA 15-3 hupima vipande vya protini iitwayo MUC1. Protini hiyo iko kwenye seli za kawaida pia, ila seli nyingi za saratani ya titi huitengeneza kwa wingi na kuimwaga kwenye damu. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi ambao saratani yao haijasambaa wana namba ya kawaida kabisa, na wapo watu wasio na saratani ambao yao imepanda kwa sababu ya ini, mapafu au uvimbe wa kawaida wa kizazi. Kikomo cha maabara nyingi huwa kati ya 25 na 30. Mama alianza na 24, yaani hata kabla ya dripu ya kwanza, uvimbe ukiwa mzima titini, kipimo hiki hakikuwa kinauona. Sasa kitawezaje kutuambia kama unapungua?

Halafu mmepima maabara mbili. Mitambo na vitendanishi vya kampuni tofauti havitoi namba moja kwa damu ileile. Anayefuatiliwa kwa CA 15-3 hupimwa mahali pamoja, kwa njia ileile, mwanzo hadi mwisho. Ya Kariakoo na ya Sinza huwezi kuziweka kwenye mstari mmoja ukasema imepanda kutoka hapa hadi pale. Ni kama kumpima mtoto uzito kwa mzani wa kliniki, kesho kwa mzani wa muuza nyanya.

Na siku mliyoichagua ndiyo mbaya kuliko zote. Dawa inapoanza kuvunja seli za saratani, vilivyomo ndani humwagika kwenye damu, na namba inaweza kuruka juu kwa muda kabla ya kushuka. Ndiyo maana miongozo ya wataalamu wa saratani wa Marekani inawaonya madaktari wawe waangalifu na namba hizi katika wiki 4 hadi 6 za kwanza za dawa mpya, hata kwa wagonjwa ambao saratani imeshasambaa mwilini. Kwa hao ndiko kipimo hiki kina kazi, nako hakitumiki peke yake, ni pamoja na picha na uchunguzi wa mikono. Kwa mgonjwa kama mama yako, ambaye bado hajafanyiwa operesheni, hakina kazi ya kuamua dawa. Daktari hakusahau kuwaandikia.

Ila kuna jambo kwenye barua yako lililonikosesha raha zaidi ya 41, nalo ni zile chupa. Dawa nyingi za kemo husafishwa na ini, na baadhi ya miti shamba huliumiza ini. Ini likiumia, dawa nyekundu inaweza kukaa mwilini kwa ukali zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na CA 15-3 yenyewe inaweza kupanda kwa sababu hiyohiyo. Sijui ndani ya chupa ya mtu wa Mkuranga kuna nini. Daktari naye hajui, na kibaya zaidi hajui hata kama mama anakunywa. Asimamishe leo, na Alhamisi chupa iende hospitali, isemwe wazi mbele ya daktari, waombe na kipimo cha ini. Hakuna atakayewafokea. Na akiwepo wa kufoka, bora kufokewa.

Binamu yako nampongeza kwa kusoma, kwani uwiano huo ni kitu cha kweli. Tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye neutrofili nyingi kuliko limfosaiti, kwa ujumla wao, matokeo yao huwa mabaya kidogo. Lakini "kwa ujumla wao" ni habari ya mamia ya watu waliowekwa kwenye fungu moja, haimwelezi mama mmoja wa Tabata. Na FBP aliyoitumia ni ya siku moja baada ya dripu. Amuulize mwalimu wake deksamethasoni hufanya nini. Hiyo ni dawa wanayochomwa wagonjwa wengi kabla ya kemo ili wasitapike sana, na inapandisha neutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya saa chache. Yawezekana kabisa hiyo 4 ni ya sindano ya kichefuchefu. Kuna na jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulipita haraka: watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na neutrofili chache kuliko Wazungu, kwa urithi uleule unaotukinga na malaria ya aina ya vivax. Ni afya yetu, si ugonjwa. Kwa hiyo mpaka uliowekwa kwa damu za Ulaya au Asia usimvishe mama kama gauni la kuazima.

Hizo chembe nyeupe za jana ni habari nyingine kabisa, na hapa mjomba amekosea kwa upande wa pili. Kemo hugonga seli zinazogawanyika haraka: za saratani, za nywele, za mdomo, na za uboho zinazotengeneza damu. Kwa kawaida neutrofili hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda tena. Wengine huchelewa kupanda, daktari anaahirisha wiki moja ili dripu isimkute mgonjwa hana kinga. Damu inayopimwa kabla ya dripu inauliza kama mwili uko tayari kuipokea dawa. Uvimbe hauulizwi hapo. Kuahirishwa ni tahadhari tu, na wengi wameahirishwa wakamaliza dozi zao. Ila wiki hii iwe na kipimajoto nyumbani. Joto likifika 38, au akitetemeka kwa baridi, usisubiri Alhamisi wala asubuhi. Tafuta bajaji usiku huohuo, na mkifika mlangoni neno la kwanza liwe "yuko kwenye kemo."

Sasa nikuulize: majibu ya kinyama yako wapi?

Barua nzima umenitajia namba tatu za damu, lakini ya kinyama umesema tu "yakachukua muda." Nina hakika karatasi ipo. Kwenye nyumba nyingi nilizowahi kuingia iko kabatini, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya vyeti vya kuzaliwa. Itoe usiku huuhuu. Tafuta herufi ER, PR na HER2. Kama zipo, basi hicho ndicho mlichokuwa mnakitafuta Kariakoo na Sinza, yaani kinachobashiri dawa gani itaishika saratani ya mama. Kimo kwenye nyama yenyewe ya uvimbe.

ER na PR ni vipokezi vya homoni. ER ikiwa asilimia 1 au zaidi huhesabiwa chanya, na kadiri asilimia inavyokuwa kubwa ndivyo vidonge vya homoni kama tamoksifeni, vinavyomezwa miaka 5 au zaidi, vinavyokuwa nguzo ya tiba. Saratani za namna hiyo mara nyingi hazinywei sana kwa kemo, na hilo halina maana kwamba mgonjwa amepotea, kwa sababu kazi kubwa iko kwenye vidonge vinavyokuja. HER2, protini nyingine ya kwenye seli, huandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. Ikiwa 3+ kuna dawa mahususi, trastuzumabu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na inabadilisha maisha kwelikweli. Ikiwa 2+ jibu bado halijakamilika, kinatakiwa kipimo kingine juu ya nyama ileile. Zote tatu zikiwa hasi, hali inayowapata wanawake wa Kiafrika zaidi kuliko wa Ulaya, kemo ndiyo silaha kubwa, na kuisimamisha katikati kungeumiza kuliko kwa mwingine yeyote.

Kama herufi hizo hazipo kwenye karatasi, basi hapo ndipo pa kupeleka hela za mchango. Muulizeni daktari kama kipande cha kinyama bado kipo maabara kipimwe. Huwa wanavihifadhi kwenye nta.

Kujua kama dripu zinafanya kazi sasa hivi kuna njia ya zamani ambayo haijashindwa bado: mkono na rula. Fungua faili la kliniki, utafute mstari wa mwandiko wa daktari wenye sentimita, kwa mfano "7 kwa 6", na tarehe. Siku ya kwanza hupima, na katikati ya dozi hupima tena. Ultrasaundi huongeza uhakika. Uvimbe ukikua mbele ya macho yao, madaktari hubadilisha dawa, na hilo hutokea, sitakuficha. Ukipungua, wanaendelea. Hukumu yenyewe hutoka siku ya operesheni, pale nyama iliyotolewa inapochunguzwa kwa hadubini kuona kama kuna seli hai za saratani zilizobaki. Hata zikibaki, kuna cha kufanya. Kwa ile aina yenye vyote vitatu hasi, utafiti wa Japani na Korea Kusini uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kuwa kuongeza vidonge vya kapesitabini baada ya operesheni kulisaidia wagonjwa kuishi zaidi.

Mwanangu, habari ya sidiria umeiandika kwa mstari mmoja ukaipita. Mama hakukwambia nguo zinampwaya. Amekwambia upande ule haumbani. Mtu akikonda sidiria hupwaya pande zote mbili. Yeye ndiye anayelala na hilo titi, analiosha, analifunga kila asubuhi. Huenda ni kukonda kama unavyodhani, sitaki kukupa tumaini la bei rahisi. Lakini kati ya yote yaliyomo kwenye barua yako, hilo ndilo jambo pekee linalohusu uvimbe wenyewe, na limesemwa na mtu ambaye hamjamsikiliza.

Kuhusu India, mwambie kaka nia yake ni njema na kwamba sayansi hiyo ipo. Wanapima seli za saratani zinazozunguka kwenye damu, na vipande vya vinasaba vyake. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao saratani imesambaa, vipimo hivyo vimeanza kuelekeza dawa. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu kidonge kiitwacho elasestranti kwa wale ambao damu yao inaonyesha badiliko fulani la kinasaba kiitwacho ESR1. Lakini sikiliza na hili. Utafiti mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, ulisajili wanawake 595 wenye saratani ya titi iliyosambaa. Waliokuwa na seli nyingi kwenye damu, na zikabaki nyingi baada ya siku 21 za kemo, walikuwa 123. Wakagawanywa, wengine wakaendelea na dawa ileile, wengine wakabadilishiwa mara moja. Waliobadilishiwa hawakuishi zaidi. Damu ilikuwa imesema kweli kwamba hali yao ni ngumu, ila kuikimbilia dawa nyingine kwa sababu yake hakukuwasaidia. Mama yako hayuko hata kwenye kundi hilo. Hela za kaka zilipe nauli, chakula laini, kipimo cha ini, na HER2 kama haijapimwa.

Kipimo kimoja cha damu ningependa mkiulizie, ingawa si cha haraka: kile cha vinasaba vya kurithi, BRCA1 na BRCA2, hasa kama kwa upande wa mama, yaani bibi, mama wakubwa au mama wadogo, kuna waliougua titi au ovari. Hicho kinaweza kuelekeza dawa, na kinakuhusu wewe pia na dada zako.

Imebaki Jumapili. Mjomba msimfanye adui. Ni kaka anayeogopa kumzika mdogo wake, na woga wake ameuvalisha kanzu ya uamuzi. Mpe heshima yake mbele ya watu, kisha mwombe kitu kimoja: Alhamisi aje na nyie. Akae kwenye lile benchi, aingie chumba cha daktari, aulize mwenyewe kama hospitali imekata tamaa. Wazee wengi niliowaona wakipinga dripu nyumbani walitulia walipopewa kiti na kujibiwa ana kwa ana.

Na kikao kisifanyike sebuleni mama akiwa chumbani. "Mtakavyoamua, wanangu" ni maneno ya mtu aliyechoka, aliyeona picha ya damu yake ikizunguka kwenye simu za watu kabla hajaelezwa maana yake. Kesho, kabla ya kikao, kaa naye wawili tu. Msomee majibu ya kinyama kwa lugha yake. Muulize anaogopa nini zaidi, kansa au dripu, na vile vidonda vya mdomo mwambie vina dawa, aseme hospitali apewe ya kusukutua. Yeye ndiye anayechomwa sindano, kwa hiyo neno lake liwe la kwanza Jumapili.

Alhamisi mbebe faili, bahasha ya kaki, karatasi zote za damu hata hizo za Kariakoo na Sinza, na chupa za mjomba. Na ile habari ya sidiria usimsemee. Mwache amwambie daktari kwa mdomo wake, na daktari achukue rula.

Shangazi yako